Kabla Hujalifungua Kabati la Kendwa

Mpwa wangu Zuwena, mtoto wa dada yangu Rukia,

Wewe unajua, na Unguja nzima inajua, kwamba umeme wa kisiwa hiki ukinisikia nakohoa hushusha sauti. Kutoka Shangani mpaka Malindi hakuna nyumba ambayo taa yake haijapita mkononi mwangu. Mabalozi wameniita kwa majina yangu matatu. Mzee mmoja wa Mkunazini alikuwa anakata roho, akakataa kufa mpaka feni yake itengenezwe. Nilipoitengeneza, ule upepo ukamnogea, akaghairi, akaishi miaka sita mingine. Haya nayasema mwanzo ili ujue anayekuandikia ni nani, maana ukifika chini ya karatasi hii unaweza ukasahau.

Sasa lishike hili hata kabla ya salamu: usilifungue lile kabati la umeme. Jumatatu utafika hapa Kendwa na glovu zako na kioo chako cha uso, na mlangoni utaikuta ile karatasi nyekundu uliyoiandika mwenyewe, inayosema mtu avae nini na asimame wapi ili kabati likimripukia atoke mzima. Usiiamini. Hesabu yako ni safi, mwanangu. Namba niliyokupa mimi ndiyo mbovu. Transfoma ya hoteli hii ukubwa wake si mia tano. Ni mia tatu na kumi na tano.

Assalaam alaykum. Mimi mzima, mama yako mzima. Moyo tu ndio hautulii.

Nnaandika nimekaa juu ya kreti la soda, mgongo nimeuegemeza kwenye ukuta, kabati liko mkono wangu wa kushoto, linavuma kama nyuki waliofungiwa kopo. Nimelitia kufuli. Kufuli lenyewe ni la banda langu la kuku, mtu akiazimia hulivunja kwa jiwe, ndiyo maana siondoki. Barua hii naiandika mara mbili. Moja atakupa dereva wa hoteli atakayekupokea bandarini kesho. Ya pili nitaibandika hapa mlangoni, wazi, bila ya bahasha, asome kila mtu, meneja na mafundi na mfagiaji, maana kabati halimuulizi mtu jina lake kabla ya kumripukia.

Utaniuliza kwa nini sikupiga simu. Nimepiga. Mara mbili jana, kwa simu ya ofisini, meneja kanitolea macho.

“Shikamoo mjomba,” ukasema.

“Marahaba, mwanangu. Huko Dar kuna mvua?”

“Hakuna. Kuna nini, mjomba? Mama mzima?”

“Mama yako mzima, mimi mzima, kuku wazima. Haya, kwa kheri.”

Mara ya pili nikakuuliza bei ya vitunguu. Ukacheka, ukasema, “Mjomba, wewe una jambo.” Ninalo. Lilinikaa kooni kama mwiba wa changu, na sauti yako ilikuwa na furaha, nikashindwa kuiharibu. Kwa kalamu ni afadhali kidogo. Kalamu haicheki.

Unaikumbuka harusi ya dada yako Maryam, mtoto wa ami yako, nyumbani Mkunazini? Ulikuwa na miaka minane, gauni la manjano, meno mawili ya mbele hayapo. Ndiyo miaka ile bidhaa zilipoanza kurudi madukani, na kila mwenye harusi akitaka mtaa ujue. Baba yake Maryam alitaka taa kutoka mlangoni mpaka juu darini, na za rangi, na spika za wapiga taarabu, vyote kwenye nyaya zile kuukuu za enzi za bibi yake, zilizovishwa kitambaa. Fyuzi ikakatika. Nikatia waya mwengine, ukakatika. Mara ya tatu shangazi mmoja akauliza kwa sauti, wanawake wote wasikie, “Huyu tumemleta awashe au azime?” Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Damu ikanipanda. Nikachukua waya wa shaba mnene kama njiti ya kibiriti, nikaukunja mara mbili, nikaupachika mahali pa fyuzi. Nikamwambia yule shangazi, “Huu haukatiki mpaka Maryam apate wajukuu.”

Na haukukatika. Hilo ndilo lililoniunguza. Mguu wa meza ya wapiga taarabu ulikuwa umeukanyaga waya wa spika, kitambaa kikachanika, shaba mbili zikakutana, shoti. Fyuzi ya halali ingekufa palepale, watu wangecheka tena gizani, basi. Yangu ilisimama imara kama mwenyewe. Moto wote ukarudi kwenye ubao wa fyuzi, na mimi nilikuwa mbele ya ubao ule, mikono kiunoni, nikiutazama kwa majivuno. Niliona jua, Zuwena. Jua jeupe la ukubwa wa sinia. Halafu sikuona kitu. Nyusi zote mbili zikaenda, masharubu upande mmoja, na ngozi ya mkono huu wa kulia ikabambuka kama ganda la kitunguu.

Watu wanaijua hadithi nyengine. Wanajua niliukamata umeme kwa mkono usimfikie bibi harusi. Nimeisimulia mpaka Pemba, na kila nikiisimulia ule umeme unazidi urefu. Lakini wewe ulikuwepo. Mtaa mzima ulikuwa umezimika, watu wanaitana majina, wengine wanatafuta viatu, na wewe ukaja na birika la kunawishia wageni na bakuli lake, ukanikalia mbele, ukanimiminia maji mkononi polepole, kama vile mimi ni mgeni wa heshima nnayengojea pilau. Hukulia. Birika likaisha, ukaenda ukajaza, ukarudi.

Kesho yake ulikaa ukingoni mwa kitanda changu.

“Mjomba, kwani ule waya mwembamba si unakatika makusudi?”

“Nani kakwambia?”

“Hakuna. Nimefikiri tu. Ungeuacha ukatike, nyusi zako zingekuwepo.”

Nikakwambia ukikua utajua, nikageukia ukutani. Basi umekua, na umejua, umekwenda skuli mpaka zilipoishia, na mimi niliyeishia la saba natembea Darajani nikiwaambia watu kwamba nimekufundisha mimi. Na kwa birika lile, nahisi si uongo mtupu.

Halafu kuna siku ya barazani. Hii sijawahi kukutajia.

Ndiyo umeipata kazi ya hoteli hii, uipimie umeme wake wote, ujue shoti ikitokea itatoka na moto wa kiasi gani na mtu asimame umbali gani. Tulikuwa barazani kwetu baada ya Alasiri, muuza kahawa na vikombe vyake, wazee wanne, na mimi katikati nikieleza namna nilivyoikamata radi Jozani, kima wakanipigia makofi. Nikakwambia, “Hebu waeleze hawa kazi yako.” Nilitaka wakusikie. Nilitaka waniangalie mimi wakati wanakusikia wewe.

Ukasema, “Shoti haina ukubwa mmoja, mjomba. Volti ni zile zile nyumbani na hotelini, lakini moto unategemea transfoma ina nguvu gani, waya una urefu gani, na swichi inachukua muda gani kukata.”

“Kwa hiyo,” nikasema, “transfoma kubwa moto mkubwa, transfoma ndogo moto mdogo. Hilo hata kuku wangu wanalijua.”

“Si kila mara.” Ukaweka kikombe chini. “Chukua swichi kubwa kama mlinzi aliyelala langoni. Mtu akilipiga lango teke, anaruka, anafunga kila kitu. Lakini mtu akiligonga taratibu, mlinzi anasema huo upepo, anajigeuza upande wa pili. Akija kuamka, nyumba ishaungua. Shoti kubwa, swichi inaiona mara moja, inakata. Shoti ndogo kidogo, swichi inajivuta. Na muda ndio unaomchoma mtu, mjomba. Moto mdogo wa muda mrefu unaweza kumla mtu kuliko mkubwa wa kupepesa jicho.”

Muuza kahawa akapiga paja. “Seif! Mpwa wako anasema umeme mchache unachoma kuliko mwingi! Basi betri ya tochi itatumaliza sote!”

Wakacheka. Na mimi nikacheka kuliko wao, nikasema, “Ndiyo elimu ya Dar hiyo!” Wewe ukakigeuza kikombe chako kifudifudi, ukasema, “Haya, mjomba.” Basi. “Haya” ile ninayo mpaka leo, naisikia kila likivuma hili kabati.

Wiki ile ile ukaitwa Dar kwa haraka. Ulikuwa umeshapima kila kitu mwenyewe, umetambaa chini ya jiko na kamba ya kupimia, umeandika unene wa kila waya. Kikabaki kitu kimoja. Ukanishika mkono pale bandarini ukasema, “Mjomba, nisomee kijibao cha transfoma. Namba mbili tu: ya ukubwa, na ile ndogo ya asilimia, inayosema transfoma inauzuia moto kiasi gani. Kiko nje ya wavu, hata huhitaji kusogea.”

Nikakusomea kwa simu kesho yake. Mia tano, na nne.

Nilisema mia tano kwa sababu, nitakwambiaje, transfoma nnayoishughulikia mimi haiwezi kuwa ndogo. Mia tano ilikaa vizuri mdomoni. Na nikajiambia, hata nikikosea, nimekosea upande wa kheri: ajiandae kwa kubwa, ndogo itamfanya nini? Ile ya nne nilibahatisha nikapata, hilo nalo lina wenyewe.

Ningekaa hivyo hivyo mpaka leo, lakini Alkhamisi ulipiga simu nyumbani kwa mama yako. Ukasema hesabu imekwisha, karatasi imeshabandikwa, na kwamba Jumatatu utalifungua kabati wewe mwenyewe ulikague, umeme ukiwa ndani, kwa kuwa meneja hataki wageni wakae bila ya viyoyozi, na karatasi inaonyesha nguo zako zinatosha. Halafu ukasema, “Mwambie mjomba hesabu yangu nzima imesimama juu ya macho yake.” Mama yako akanipa ujumbe huo kwa fahari, akanipakulia na wali.

Sikuumaliza. Wewe unajua mimi na wali wa mama yako.

Yule mlinzi wako akanijia kichwani. Wewe umemhesabia mlinzi atakayepigwa teke. Kumbe kama transfoma ni ndogo, Jumatatu lango litagongwa taratibu. Atasema huo upepo. Atajigeuza. Na wewe umesimama pale pale ulipoandika kwamba ni salama, umevaa nguo za moto mfupi, na moto unakuja mrefu. Niliona jua lile tena, Zuwena, jua la sinia, lakini mbele yake hayupo mtu mzima mwenye masharubu. Yupo mtoto mwenye gauni la manjano kashika birika.

Ijumaa asubuhi nikaja huku, nikakisoma kijibao. Mia tatu na kumi na tano. Nimekisoma mara nne. Ndipo nikaenda kwenye simu nikakuuliza habari ya mvua.

Leo meneja amenifuata hapa mara tatu. Kijana mwema, anatembea haraka kama viatu vinamuunguza.

“Mzee Seif, ondoka hapo, wageni wanapita wanauliza.”

“Mpaka aje mpwa wangu.”

“Mpwa wako mwenyewe ameandika salama. Hii hapa karatasi yake.”

“Amedanganywa.”

“Na nani?”

“Na nyigu,” nikasema. “Kwenye transfoma pana nyigu wakubwa kama vidole. Walinizuia nisikione kijibao.” Akaniangalia, akautazama wavu wa transfoma, akaondoka.

Bi Tatu naye amepita. Huyu ni mpishi wa hapa, mwanamke wa Tumbatu, hana haya na mtu. Alikuwa na ungo wa mchele, miwani puani, akasimama akanitazama nilivyokaa. “We baba, unamlinda nani humo ndani, mke mdogo?” Nikamwambia kama lile kabati ni mke, basi ni wa kuachwa leo leo. Akaniletea chai na andazi, nami nikala nusu. Nusu nyengine iko hapa juu ya kreti, sisimizi wameshaisikia habari.

Sasa nisikilize kama mjomba, si kama fundi. Ukifika, kwanza wazime. Wewe mwenyewe ndiwe uliyeniambia kwamba nguo bora kuliko zote ni kuzima. Wageni wakilalamika joto, mimi nitawapepea mmoja mmoja kwa kawa la kufunikia chakula, nina mkono mmoja mzima na mwengine wa kuombea huruma. Halafu chana ile karatasi nyekundu, mbele ya meneja, usione haya. Waambie namba ililetwa vibaya na mjomba wako, mtaje jina, Seif. Halafu upige hesabu upya, na yule mlinzi umrekebishe awe anaamka kwa kugongwa taratibu, kama inawezekana, na wewe utajua kama inawezekana. Mimi nilikuwa naona kazi yako ni karatasi na kalamu. Sasa naona kwamba karatasi ile ni mahali mtu anapoweka miguu yake.

Na usimtume mtu mwengine akusomee. Hata mimi. Nenda wewe mwenyewe kwenye wavu, ukione kijibao kwa macho yako, na swichi nazo uzitazame moja moja upya, maana kama mimi mwenye damu yako nimekupa namba ya kunoga mdomoni, jee fundi wa mtu?

Nimefika chini ya karatasi, na jua limeshaanza kuingia huku uani, dereva amenipungia mkono mara mbili. Bado sijakwambia kitu kimoja. Nimekizunguka tangu juu kama paka na samaki wa moto, na wewe si mtoto, utakuwa umeshaniona.

Hakukuwa na nyigu. Hata mmoja.

Siku ile uliyonituma nilikuja kweli. Nilisimama kwenye wavu, kijibao kiko hapa, mkono tu, safi, kimefutwa. Na nisione kitu. Miaka mitatu sasa, Zuwena. Cha mbali nakiona, hata nyusi za nahodha aliye nje ya bandari nitakutajia, lakini cha karibu kimenikimbia. Gazeti barazani nalishika tu, namngojea muuza kahawa ataje lililomo, halafu nasema, “Nshalisoma hilo.” Nilikisogelea kile kijibao mpaka wavu ukanichora pua, nikarudi nyuma, nikasogea tena. Namba zote zilikuwa kama siafu. Kulikuwa na watu wanne pale, mfagiaji, mlinzi, na wageni wawili, na ningemwomba yeyote anisomee. Nikaona haya kumwambia mfagiaji kwamba Seif wa umeme haoni. Nikasema mia tano.

Ijumaa nilikisoma kwa miwani ya Bi Tatu. Na hii barua pia naiandika kwa miwani hiyo hiyo, aliyoniachia leo pamoja na chai, ina fremu ya waridi, mguu mmoja umefungwa uzi wa kushonea, na ina harufu ya vitunguu. Amekuja kusimama mlangoni, ungo mkononi, ananiambia nimrudishie, mchele una mawe. Nimemwambia angoje nitie jina.

Nitakungojea hapa hapa kwenye kreti. Ukinikasirikia, nikasirikie kabati likiwa limezimwa.

Ni mimi mjomba wako uliyemnawisha,
Seif